Nafasi ya Filimbi ya Tano

Historia ya maisha ya Kambere Zorobabel, inayosomwa nyumbani kwake Kimemi, Butembo, leo Jumanne tarehe 11 Februari 2003, kabla hatujampeleka Kalunguta kumzika.

Ndugu wapendwa, padri wetu, walimu, majirani wa barabara hii, na ninyi wanamuziki wa zamani mliosimama kule nyuma na miwani yenu myeusi kwa heshima yake, poleni, viti tulivyoazima havikutosha. Karatasi hii ilipaswa kusomwa na Phinées, mtoto wake wa kwanza, lakini Phinées hayupo, basi inasomwa na Clémence, mtoto wa pili, ambaye familia imemwomba asilie kabla ya kufika mwisho, naye ameahidi kwamba atajaribu.

Marehemu alizaliwa Kalunguta tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa pili wa kiume, ndiyo sababu akaitwa Kambere, na baba yake alikuwa Mzee Ananie, mkulima wa kahawa na maharagwe, mtu mpole ambaye sifa yake moja tu ilikuwa kupuliza filimbi ya tano. Kwa ajili ya wageni waliotumwa kazi huku kwetu kutoka mikoa mingine, inafaa tueleze. Filimbi zile tunaziita eluma, ni za mwanzi, hazina tundu la kidole, kila moja ina sauti moja tu, na Kalunguta zilikuwa tisa, kila moja ya nyumba yake, watu tisa wakasimama duara na kupokezana sauti mpaka wimbo ukatembea. Mwenye filimbi akifa, wenzake huja kaburini, na kabla jeneza halijashuka mtoto wake wa kiume huipokea na kupuliza mara moja, na wale wanane humjibu. Mtoto akikataa, filimbi hurudi kutundikwa ukutani nyumbani kwao, wala hakuna mwingine anayeruhusiwa kuipuliza, hata awe na pumzi za kutosha watu wawili, ila wimbo ukifika pale wote hunyamaza pamoja kwa kadiri ya sauti moja, kisha huendelea.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya misheni palepale Kalunguta kuanzia 1956 hadi 1962, akapelekwa Butembo kwa masomo ya sekondari mwezi Septemba 1962, na huko alifika darasa la nne na hakwenda mbele zaidi. Akili alikuwa nayo, tatizo lilikuwa sikio. Karibu na shule kulikuwa na Mgiriki mnunuzi wa kahawa aliyekuwa na mashine ya sahani za muziki, na katika sahani zile zilikuwepo mbili za rock, na kijana akawa anasimama nje ya ua ule saa za hesabu, saa za jiografia na hatimaye saa zote. Mwaka 1966 walimfukuza. Aliingia kujifunza kutengeneza redio katika karakana moja hapa Kimemi, akaijua kazi hiyo vizuri, ndiyo iliyotulisha, na kwa mikono yake mwenyewe aliunda ampli yake ya kwanza kutokana na redio tatu za watu ambao mpaka leo, kama wapo hapa, tunawaomba msamaha.

Tarehe 5 Juni 1971 alianzisha orchestre Les Tonnerres de Kimemi, yeye kwenye gitare ya solo, na kwenye gitare ya bass mwalimu Kabongo, ambaye serikali ilimtuma kutoka Kasai afundishe hesabu kwa miaka miwili, akakaa thelathini na miwili, yuko hapa mbele. Walipiga rock, katika mji uliotaka rumba. Walipiga Beni, walipiga Lubero, walipiga Kirumba siku ya soko mpaka groupe ya mwenye baa, ile mashine ya umeme, ikafa kwa moshi, na madereva wa malori wakawachangia bia ili waache. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipokatazwa, marehemu alilitupa Zorobabel bila huzuni yoyote na kujiita Kambere Ngurumo, na ngurumo ilimfaa, kwa maana Mama anasema hakuwahi kuzungumza naye kwa sauti ya kawaida kabla ya 1996.

Alifunga ndoa na Anne-Marie, mama yetu, tarehe 24 Julai 1976 katika parokia yetu ya Butembo, akiwa na suruali iliyopanuka chini ambayo padri aliitazama kwa muda mrefu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Phinées aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1978, na Clémence aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1981.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu mwenyewe alisema pasirukwe. Mzee Ananie alifariki, akazikwa Kalunguta Jumamosi tarehe 18 Agosti 1979, na mtoto mkubwa alikuwa amekufa mchanga, kwa hiyo filimbi ya tano ilikuwa ya Kambere. Wale wazee wanane walisimama kaburini, na kiongozi wao Mzee Muyisa, mwenye filimbi ya kwanza, akamnyoshea ile ya baba yake mbele ya kijiji chote. Marehemu alikuwa na programme ya muziki Beni jioni ile na gari lilikuwa linamngoja barabarani. Hakunyosha mkono. Alisema, na waliosikia wapo, "Miye napigaka gitare ya kamba sita, namna gani nitabeba kafilimbi ka sauti moja?" Vijana walicheka, naye alicheka nao, akaingia kwenye gari. Mzee Muyisa aliitundika filimbi ukutani kwa Ananie.

Miaka ilipita, na Tonnerres walizeeka bila kupunguza sauti. Vita vya kwanza vilipofika, askari waliokuwa wanakimbia walipita Kimemi tarehe 27 Novemba 1996, wakachukua ampli mbili, baffle nne za kutolea sauti, groupe, ngoma, na hata waya, wakamwachia marehemu gitare yake kwa kuwa bila vyombo vile haikuwa na sauti wala faida. Alirudia jina lake la ubatizo, akawa anakaa kwenye karakana akitengeneza redio ili watu wasikie habari za vita, kazi ambayo aliichukia. Vita vya pili vilipoanza, risasi ziliingia mtaani kwetu, na tarehe 17 Septemba 1998 alitupeleka Kalunguta katika nyumba ya baba yake, isipokuwa Phinées, aliyekuwa na miaka ishirini na kazi ya lori, akabaki kuichunga nyumba hii.

Jumamosi tarehe 3 Oktoba 1998 kulikuwa na matanga jirani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi marehemu alikaa akasikiliza filimbi kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Alisikiliza kama fundi. Aliona kwamba kila mzunguko kuna mahali wimbo unakatika, kidogo tu, kisha unaendelea, na kwa kuwa hakuwahi kuvumilia kosa la mwanamuziki yeyote, wimbo ulipoisha alimwendea Mzee Muyisa kumsahihisha. "Papa," alimwambia, "muko na kosa, kuko sauti moja inakosekana, kila mara fasi ileile." Mzee alifuta filimbi yake kwa shati, hakuharakisha. "Haiko kosa," akasema. "Ile njo nafasi ya baba yako. Tuko tunakungoyaka."

Miaka kumi na tisa. Kila harusi, kila mavuno, kila matanga ya Kalunguta, watu wanane walinyamaza pamoja mahali palepale wakimngoja mtu aliyekuwa Butembo akipiga kelele. Marehemu alikaa chini kwenye majani, na Mama anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza alipomwona akilia, kwa maana kwa baba yake mwenyewe hakulia. Jumamosi iliyofuata aliteremsha filimbi ukutani, akaikabidhi kwa Mzee Muyisa, akaipokea tena kutoka mkononi mwake mbele ya watu kama desturi inavyotaka, akapuliza, na wale wanane wakamjibu.

Msifikiri mambo yakawa rahisi. Mtu aliyepiga solo miaka ishirini na tano alihitaji miezi saba kujifunza sauti moja, kwa sababu kila mara aliingia kabla ya wakati, na wazee walikuwa wanacheka mpaka wanakohoa. Mzee Muyisa alimwambia, "Weye unakimbia. Ile sauti hapana yako, iko ya bote, iache ikufikie." Mama alitangaza kisimani kwamba aliolewa na mutu wa makelele, na sasa yuko na mutu wa sauti moja, tena anaipigaka mubaya. Mwalimu Kabongo alikuja kutoka Butembo kwa baiskeli, amekasirika, akamwuliza, "Mon vieux, unaacha solo juu ya noti moja?" Marehemu alimkalisha asikilize. Kabongo alisikiliza siku nzima, na jioni alisema atatafuta mashine ya kurekodi na kaseti mpya, na wakapanga iwe Desemba 2000, baada ya mavuno, wakati wote tisa wangekuwa na nafasi. Clémence anataka kusema hapa kwamba miezi ile ndiyo pekee aliyokuwa na baba mwenye kusikiliza unapozungumza.

Tarehe 14 Juni 2000, Jumatano, wanaume wa filimbi walikuwa wanatoka mazikoni wakipiga njiani, kama ilivyo desturi. Nyuma ya kilima askari walikuwa wameshambuliwa asubuhi, nao waliposikia sauti zinajibizana kutoka bonde hili na bonde lile walidhani ni adui wanaitana, wakapiga risasi. Walikufa watatu, mwenye filimbi ya pili, ya sita na ya nane. Siku ya pili yake amri ilitoka kwamba filimbi ni marufuku, njiani, nyumbani na makaburini, na wale watatu walizikwa kimya, watoto wao wamesimama pale na mikono mitupu, kwa maana huwezi kupokea bila kupuliza, na huwezi kupuliza bila kujibiwa.

Marehemu aliona lazima amri ile iondolewe kabla matanga hayajafungwa. Alikuwa mtu wa mjini, alijua kuongea na wakubwa, amepiga muziki mbele ya makamanda na magavana. Akazunguka nyumba zote nane, akaomba filimbi, akasema, nitawaonyesha kwa macho yao kwamba ni vyombo vya muziki, watacheka, watatupa karatasi, na nyumba zote zilimpa, hata wajane, zilimpa kwa sababu alikuwa mwana wa Ananie na aliongea vizuri. Mzee Muyisa peke yake alisita. Aliuliza, "Na batu?" Marehemu alijibu kwamba batu wengi barabarani ni hatari, filimbi zatosha. Mzee alimpa ya kwake.

Jumatatu tarehe 10 Julai 2000 alifika Beni, katika bureau ya mkuu mmoja wa askari ambaye jina lake hatulitaji, mtu wa mbali, wala hakuwa mtu mbaya, alimpa kiti. Marehemu alipanga filimbi tisa juu ya meza, akaeleza duara, nyumba, baba na mtoto. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Papa, piga tusikie."

Marehemu alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na alisimulia kwamba ni wakati ule tu, akiwa amesimama mbele ya meza ile, ndipo alipoelewa alichokifanya. Alikuwa mtu mmoja. Alichukua filimbi ya tano na kupuliza sauti yake, akangoja, na hakuna kilichofuata. Akapuliza tena. Mkuu aliwatazama wenzake, akasema kwa upole, "Voilà. Ile njo signal yenyewe."

Filimbi zilikusanywa kwenye gunia, na alizisikia zikivunjwa nyuma ya nyumba akiwa bado hajamaliza kuagana. Ya tano ilikuwa bado mkononi mwake, hakuna aliyemwambia airudishe mezani, naye hakuirudisha, aliiingiza chini ya koti.

Alitembea nyumba nane kutoa habari, na alikataa mtu yeyote amsindikize, ila Clémence alimfuata kwa mbali. Hakuna aliyemtukana, afadhali wangemtukana. Katika nyumba ya mwenye filimbi ya sita, mjane wake alimwekea kiti, akamsikiliza, akauliza jambo moja tu, "Na yako, ilirudia?" Marehemu akasema ndiyo. Mama yule akasema, "Aya," akaendelea kutwanga majani yake ya sombe.

Alijaribu kulipa kosa lile kwa njia aliyoijua. Alikaa wiki mbili na gitare yake, akazitafuta sauti zote tisa kwenye kamba, akazivuta kwa kidole zile zilizokataa kukaa sawa, na mwishoni mwa Agosti alikwenda kumpigia Mzee Muyisa wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, bila pengo, bila kuwahi. Mzee aliinamisha kichwa na kusikiliza. "Njo yenyewe," alisema. "Lakini ile iko mutu moja." Marehemu aliirudisha gitare ndani ya mfuko wake, na tangu siku hiyo hakuigusa. Walijaribu pia kukata mianzi mipya, lakini filimbi mpya hupimwa kwa masikio kando ya ile ya zamani, na ya zamani ilikuwa imebaki moja, na Mzee Muyisa alipata mbili tu za kumridhisha kabla hajalala na homa. Alifariki tarehe 6 Januari 2001. Waliobaki walitawanyika, wengine Oicha, mwingine Kasindi, na kaseti ya Mwalimu Kabongo iko nyumbani kwake mpaka leo, haijafunguliwa.

Tulirudi Butembo Machi 2001. Marehemu aliweka tumaini lake lote kwa Phinées, alimwahidi kumfundisha kungoja, na Phinées, ambaye alifanana na baba yake alivyokuwa kijana, alikuwa anajibu, "Nikirudia safari, papa." Tarehe 22 Mei 2001 aliondoka na lori la maharagwe kwenda Kirumba. Lori lilionekana siku ya tatu kando ya barabara, tupu. Yeye hakuonekana, wala mwili wake. Marehemu alifuata barabara ile mara sita kwa miguu, akauliza katika kila kizuizi, na mara ya sita alirudi akikohoa.

Ugonjwa wa kifua ulianza hivyo, Novemba 2001. Alitibiwa katika zahanati ya mtaa wetu, kisha katika hospitali moja hapa Butembo kwa muda wa miezi minne mwaka jana, na Januari hii alilazwa tena. Pumzi ilimwisha polepole, na kwa mwaka wa mwisho hakuweza tena kupuliza hata ile sauti moja, aliishika tu. Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2003, saa nne ya asubuhi, Mama na Clémence wakiwa kando yake. Ameacha mjane mmoja na watoto wawili. Katibu wa parokia alitaka tuandike mtoto mmoja, na Mama alikataa.

Siku mbili kabla ya kufa alitoa neno lake la mwisho kuhusu filimbi, na neno hilo linakwenda kinyume na desturi, ndiyo sababu tunalisoma mbele yenu wote. Clémence alikuwa ameomba apewe yeye, ingawa haijawahi kupewa mwanamke, na kupuliza alikuwa amejifunza, kupuliza hakuna shida. Marehemu alimtazama sana. Alimwambia binti yake, "Mama, banani batakuambia saa ya kuingia?" Kisha akasema isitundikwe ukutani, izikwe pamoja naye. Alisema, "Muiweke kwa mukono yangu. Musingoye tena." Mama alimwuliza, "Na Phinées?" Aligeukia ukuta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa hewa walipokuwa nayo, majirani wa Kimemi waliotuletea maji na kuni wiki nzima, jumuiya yetu ndogo, mafundi wa karakana, na Les Tonnerres waliobaki, pamoja na Mwalimu Kabongo aliyelala hospitalini kwenye kiti ili Mama apumzike. Tunazishukuru zile nyumba nane za Kalunguta, ambazo leo zimetuma watu wanne wamsindikize njia yote, na tunaziomba msamaha ambao yeye aliuomba kila siku bila kuona kama ameupata.

Tumefanya alivyosema, filimbi iko katika mkono wake wa kulia. Leo jioni pale kaburini, kabla jeneza halijashuka, hakuna atakayenyoshewa kitu, na hakuna atakayepuliza. Itakuwepo ile nafasi yenu ya kunyamaza, ninyi wa Kalunguta mnaujua urefu wake, na baada yake hakuna sauti nyingine inayokuja, basi mtupe udongo.

Baba, hatukungoji tena. Pumzika kwa amani, ile ambayo sisi hatujaiona.